Gobore la Marehemu Babu: Kwa Nini Kibali Hakirithiwi

Swali limetoka kwa msomaji wa wilaya ya Mlele, mkoani Katavi:

"Babu yetu alifariki mwaka jana. Darini tumekuta gobore lake la kushindilia, ambalo wazee wanasema alilipata kwa baba yake. Alikuwa akilindia mahindi, maana nguruwe pori na nyani huku hawana huruma. Mtendaji wa kijiji ametuambia tulisalimishe. Najiuliza: hivi wazee wetu waliwahi kumiliki bunduki bila kumwomba mtu ruhusa? Na inakuwaje mzungu anashuka uwanja wa ndege na raifo zake, anaingia kitalu cha jirani kuwinda, wakati mjukuu hawezi kubaki na gobore la babu yake? Tufanye nini nalo?"

Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye hatari. Lichukulieni gobore hilo kuwa lina baruti ndani mpaka mtu anayeijua kazi hiyo athibitishe kuwa ni tupu. Msilijaribu kwa kulifyatua, msilipakie kwenye bodaboda kulipeleka kituoni, msiliache juu ya jiko. Hatua zenyewe nitazieleza mbele. Maswali mawili ya mwanzo yana jibu moja, na jibu hilo lina tarehe: 2 Julai 1890, mjini Brussels, Ubelgiji. Siku hiyo mataifa 17, Zanzibar ikiwamo, yaliafikiana kuhusu bunduki za aina gani ziruhusiwe kuingia katika nchi zetu na nani azishike. Gobore lenu lilibaki kuwa gobore, na mgeni akabaki na raifo yake, kwa sababu ya yale yaliyoandikwa pale.

Ila bunduki zilitangulia mkataba. Pwani zilikuja na Wareno katika karne ya 16, na kwa muda mrefu zilikaa ngomeni. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa 1593, Waomani wakaitwaa 1698, na mizinga ikabadilisha mabwana tu. (Neno bunduki tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao lilikuwa jina la kokwa, kisha la kigololi cha kurushwa kwa upinde, kisha la chombo chenyewe. Mzinga ni wetu: ule ule wa nyuki.) Huko bara bunduki zilifika kwa wingi katika karne ya 19, zikiwa zimefungwa pamoja na merikani (kitambaa cha pamba), shanga na waya wa shaba, zikipanda na misafara iliyokwenda kufuata pembe na watumwa. Ukonongo, ndiko kwenu huko Mlele, ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika upande wa kusini. Kwa hiyo si ajabu baba wa babu yako kuwa nalo.

Zilitoka wapi? Kila jeshi la Ulaya lilipopata silaha mpya, za zamani zilitafutiwa mnunuzi. Waingereza peke yao walibadilisha mara tatu katika miaka isiyozidi ishirini: Enfield ya 1853 ya kushindilia, Snider ya 1866, Martini-Henry ya 1871. Wafaransa na Wajerumani hali kadhalika. Maghala yakajaa, na wafanyabiashara wa Liège, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza, wakazipata bunduki hizo kwa bei ya chuma chakavu, wakazikarabati, na nyingine wakaziunda upya kwa ajili ya soko la Afrika tu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikipita kila mwaka kuingia upande huu. Ni makadirio ya mtu mmoja aliyekuwa na sababu ya kutisha wakubwa zake London, lakini hata ukiyagawa nusu bado ni shehena kubwa.

Zilikuwa za namna mbili kuu. Ya kwanza ni ya gumegume: jiwe linapiga chuma, cheche inaangukia baruti laini iliyo kwenye kisahani cha pembeni, moto unapenya tundu dogo na kuiwasha baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Ya pili ni ya fataki: badala ya jiwe kuna kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Zote mbili zinashindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Baruti inatangulia, kisha kizibo cha kumbi au kitambaa, mdeki (fimbo ya kushindilia) unasukuma, kisha risasi au marisau (vigololi vidogo vya risasi), kizibo cha pili, mdeki tena. Mtaalamu wa jeshini aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mwindaji wa kawaida alipiga mara moja, akiomba Mungu mnyama asigeuke.

Kasoro zake ndizo zilizoamua siasa yake, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mvua ikinyesha, ya gumegume inakataa. Baruti ya biashara ilikuwa ya chenga kubwa na hunyonya unyevu, na inapoungua huacha masizi mengi, hivyo baada ya mapigo machache risasi inakwama kushuka. Kwa kuwa baruti ilikuwa dhaifu, watu waliizidisha, na mtutu mwembamba ukapasuka mkononi. Mtutu ulipasuka pia pale ambapo mwenyewe, katika hofu au giza, alisahau kuwa ameshashindilia akashindilia mara ya pili, au risasi ilipobaki katikati bila kufika chini. Ndani ni laini, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo zaidi ya mita 50 au 60 kulenga kunakuwa bahati nasibu.

Lakini lina sifa moja kubwa: linakula chochote. Risasi ikiisha, watu walitia vipande vya waya, chuma cha jembe, hata kokoto. Likiharibika, mhunzi wa kijijini analitengeneza. Bunduki mpya, ile ya kutilia risasi za ganda kwa nyuma, inakula cha kiwandani tu. Anayeshika njia ya risasi za ganda ameshika bunduki zote zilizo mbele yake, hata zile ambazo hajui ziliko. Walioketi Brussels walilijua hilo vizuri.

Sasa, je, wazee walimiliki bila kuomba ruhusa? Jibu langu litakuudhi kidogo: wachache sana. Kabla ya Mjerumani ruhusa ilikuwepo, ila haikuwa karatasi. Bunduki nyingi zilikuwa za mtu mkubwa, na aliyeibeba aliibeba kwa kuwa ni mtu wake. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, alijenga nguvu yake kwa rugaruga, vijana waliolishwa na kupewa silaha naye. Buganda, bunduki za kwanza alizipokea Kabaka Suna katika miaka ya 1840, na tangu hapo zilikuwa mali ya ikulu kabla ya kuwa mali ya mtu yeyote. Msiri, Mnyamwezi aliyekwenda kutawala Katanga, alishika biashara ya baruti kutoka pande zote mbili za bara. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alisimulia mwenyewe kuwa jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa wale aliowashambulia. Mtu hapewi jina la namna hiyo mahali ambapo kila nyumba ina bunduki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Usambara. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, mlimani, kwa heshima ya mvua na ushuru wa milki nzima. Alipofariki 1862, mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, chini, kando ya njia ya misafara. Vuga ilikuwa na kiti, Mazinde ikawa na bunduki. Ndani ya miaka michache mtawala halali, Shekulwavu, alikuwa amefukuzwa na milki imepasuka. Kiti cha kale hakikushindwa na jeshi la kigeni. Kilishindwa na ndugu aliyekaa karibu na duka.

Waliokaribia kumiliki kama unavyowaza ni wawindaji wa tembo, Wanyamwezi na Wamakua hasa, ambao bunduki kwao ilikuwa chombo cha kazi kama nyavu kwa mvuvi. Hata hao, wengi walikopeshwa bunduki na baruti na tajiri wa pwani, na pembe ikawa ndiyo malipo. Pwani kwenyewe bunduki ilikuwa pia ya sherehe: mzinga wa kufuturu, baruti za harusi, mwandamo wa mwezi. Basi zama za kila mzee na bunduki yake ukutani, bila bwana yeyote juu yake, sizioni popote katika kumbukumbu zetu.

Twende Brussels. Mwaka 1888 watu wa pwani walisimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Abushiri bin Salim akiwa mbele, hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Mwishoni mwa 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilikuwa zimeizingira pwani kwa tangazo la mambo mawili: watumwa wasitoke, silaha zisiingie. Mambo hayo mawili yalifungwa pamoja kwa makusudi. Ni kweli kwamba bunduki zilikamatia watumwa. Ni kweli vilevile kwamba bunduki ndizo zilizokuwa zikiwapiga Wajerumani. Mkataba uliofuata uliitwa wa kukomesha utumwa, na sura yake ya silaha ilipiga marufuku kuingiza bunduki, hasa zenye mifereji na za kisasa, pamoja na baruti na risasi zake, katika eneo lote lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, hadi maili 100 baharini.

Kisha marufuku hiyo ikawekewa milango. Silaha za serikali zenyewe ziliruhusiwa, bila shaka. Mtu binafsi aliweza kupewa kibali akitoa dhamana ya kutosha kwamba bunduki yake haitapewa, haitahamishiwa wala kuuzwa kwa mtu mwingine. Msafiri aliyekuja na hati ya serikali yake, inayosema silaha ni ya kujilinda yeye mwenyewe, aliruhusiwa. Na mwisho, katika maeneo ambayo serikali ingeyachagua, ghala la umma liliweza kutoa kwa ajili ya kuuzwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Soma milango hiyo taratibu, ndugu yangu, maana maswali yako mawili yamo humo. Mgeni mwenye hati anapita na silaha ya kisasa. Mwenyeji anaachiwa gumegume. Na kibali ni cha mtu, si cha bunduki, wala si cha ukoo: mwenye nacho akiondoka, kibali kinaondoka naye.

Magendo yaliendelea, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Charles Stokes, mmisionari wa Kiayalandi aliyegeuka mfanyabiashara na kuoa Unyamwezini. Alipanda hadi Kongo akiwauzia silaha wapinzani wa serikali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Kapteni Lothaire alimkamata na kumnyonga Januari 1895. Ulaya ilipiga kelele kwa sababu Mzungu alinyongwa bila haki ya kukata rufaa. Biashara yenyewe haikuwa siri kwa mtu.

Huku kwetu nguvu ya risasi za ganda ilionekana Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski kwa mikuki zaidi kuliko bunduki, wakakimaliza kwa muda mfupi, wakateka takriban bunduki 300 za kisasa. Lakini Kalenga, ngome ya Mkwawa, hakukuwa na kiwanda cha risasi zake. Wajerumani waliivunja ngome hiyo Oktoba 1894, na Mkwawa akajipiga risasi Julai 1898 baada ya kuwindwa miaka minne. (Kambi ya Colito ya Dar es Salaam, yalikoanzia maasi ya jeshi ya Januari 1964, leo inaitwa Lugalo. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati.) Ajabu ni kwamba askari weusi wa Mjerumani nao walipewa za zamani: hadi vita vya Tanga, Novemba 1914, wengi wao walikuwa bado na Mauser ya 1871 ya baruti nyeusi, inayotoa wingu la moshi na kumwonyesha adui ulipo.

Mwaka 1896 gavana Wissmann alitoa amri ya uwindaji. Tangu hapo kuua mnyama kulihitaji leseni, na maeneo mawili ya akiba yakatengwa, moja Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Hapa ndipo kamba ya pili ilipofungwa: hata mwenye gobore halali alihitaji karatasi nyingine ili alitumie. Ikaja Majimaji, 1905 hadi 1907. Watu walikwenda na mikuki, magobore na maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, walikutana na bombomu (bunduki za rashasha). Kusalimu amri kulikwenda pamoja na kusalimisha silaha, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko vita; waliokufa kwa yote mawili, kwa makadirio ya chini, ni watu 75,000. Mashamba ya kusini yaliyobaki bila watu na bila bunduki yaliliwa na nguruwe na tembo, kisha pori likayafunika. Sehemu ya nchi ambayo mgeni leo anaiona kama pori la asili ilikuwa vijiji.

Waingereza walikuja na maneno mapya juu ya jengo lile lile. Mkataba wa Ushirika wa Mataifa (League of Nations) wa 1919 uliitaja biashara ya silaha katika pumzi moja na utumwa na pombe, kama maovu ya kupigwa marufuku katika nchi kama Tanganyika, na hati ya udhamini ya 1922 ikamwamuru mtawala asimamie silaha na pombe kali kwa ukali. Kibali kikawa mezani kwa DC (mkuu wa wilaya). Mwafrika aliyekipata, mara nyingi mtemi, jumbe au mkulima anayesumbuliwa na wanyama, alipata cha bunduki ya kushindilia. Tembo walipovamia, aliitwa bwana nyama (ofisa wa wanyamapori) au askari wake mwenye raifo. Kama babu yako alikuwa na kibali, kuna uwezekano mkubwa mfuatano wake ulianzia hapo.

Kenya ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa kulikuwa na walowezi wenye bunduki majumbani. Katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kukutwa na silaha bila kibali kulifanywa kosa la kifo. Watu husahau kuwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, hakuhukumiwa kwa kuongoza vita. Mahakama ya Nyeri, Novemba 1956, ilimtia hatiani kwa kumiliki bastola na risasi bila kibali, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sheria ya silaha ilitosha. Haikuhitajika sheria ya uhaini.

Baada ya uhuru serikali zetu hazikuwa na haraka ya kulegeza. Na ningeshangaa kama zingelegeza, maana mwezi mmoja tu, Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar yalipata bunduki zake kwa kuvamia ghala la polisi la Ziwani, na siku chache baadaye jeshi la Tanganyika likaasi. Sheria ya kikoloni ilifanyiwa marekebisho, ikafuata ya 1991, kisha ya 2015 inayotumika sasa, Sura ya 223. Rangi ya mtu haimo tena. Kilichobaki ni mifupa: kibali cha mtu binafsi, kisichohamishika, kinachotolewa na mamlaka ikiridhika na tabia ya mwombaji na sababu yake. Itifaki ya Nairobi ya 2004 imeongeza kwamba raia wa nchi wanachama wasimiliki kabisa bunduki zinazojipakia zenyewe, jambo ambalo naliunga mkono bila kusita baada ya yale yaliyotokea Karamoja, Uganda, tangu ghala la silaha la Moroto lilipoporwa 1979.

Kuhusu mgeni wa kitalu cha jirani: hamiliki bunduki Tanzania. Anaingiza kwa kibali cha muda, namba za bunduki na idadi ya risasi zikiandikwa, na anapoondoka anaondoka nazo. Ni mlango ule ule wa msafiri wa 1890, ila sasa unalipiwa ada na serikali yetu wenyewe ndiyo inayoufungua. Je, ni haki? Kwa sheria ya leo, wewe pia unaweza kuomba leseni ya raifo au shotigani na kuipata. Kwa gharama, umbali na idadi ya ofisi za kupita, mkulima wa Inyonga na mwindaji wa Texas hawako sawa hata kidogo, na anayekwambia wako sawa hajawahi kulala shambani akifukuza nguruwe kwa debe.

Upande wa pili nao usemwe. Gobore la leo mara nyingi halitoki Liège. Linachongwa vichakani na mhunzi, halina namba, halina alama, halimo kwenye daftari lolote, na ndilo linalokamatwa mikononi mwa majangili na wanyang'anyi wa mabasi. Polisi wakiokota ganda la risasi ya kiwandani wana pa kuanzia. Gobore haliachi ganda. Ndiyo sababu mtendaji wako hawezi kulitofautisha la urithi na la ujangili kwa kuangalia tu, na maoni yangu ni kwamba hapo ndipo sheria imepungukiwa: ingefaa kuwepo njia fupi ya kuyaandikisha na kuyazima magobore ya kale yabaki kama kumbukumbu ya ukoo, badala ya yote kuchomwa katika tanuri moja.

Sasa hatua.

Kwanza, lihamisheni tu kama liko mahali pa hatari, yaani karibu na moto au mikononi mwa watoto, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu, bila kugusa nyundo wala kifyatuo. Baruti nyeusi ikikaa pakavu hubaki hai kwa miaka mingi sana, na wazee wengi walikuwa na desturi ya kuliacha likiwa limeshindiliwa ili liwe tayari usiku. Msichokonoe mtutu kwa waya na msimwage maji mkidhani mmelizima. Pembe, kopo au chupa ya baruti na fataki zikipatikana, ziacheni zilipo na muwaambie polisi.

Pili, tafuteni karatasi. Fungueni sanduku la marehemu: kitabu cha leseni, risiti za ada za kila mwaka, barua za DC au OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Zikiwepo, kesi yenu ni ya warithi wa mmiliki halali aliyefariki, nayo ni nyepesi. Zisipokuwepo, msitunge hadithi. Semeni kilichotokea: limekutwa darini baada ya msiba. Muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo vitasaidia kuonyesha tarehe.

Tatu, mwende watu wawili, mikono mitupu, kwa mtendaji mwombe barua, kisha kituo cha polisi, mkawaombe waje kulichukua. Mtu anayekamatwa njiani na gobore begani, hata kama kweli alikuwa akilipeleka, ana kazi kubwa ya kueleza. Jeshi la Polisi hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, ambapo anayesalimisha hashtakiwi, na katika matangazo hayo huruhusu kupitia ofisi za serikali za mitaa na viongozi wa dini. Kipindi kikiwa wazi, kitumieni. Kisipokuwa wazi msisubiri kifunguliwe, kwa sababu mtendaji ameshajua, na kila siku inayopita baada ya kuambiwa inahesabika dhidi yenu.

Nne, msiondoke bila hati ya makabidhiano yenye tarehe, jina na cheo cha aliyepokea, na maelezo ya silaha: aina, urefu, alama, hali ya kitako. Wajukuu wa kesho wataulizwa lilikokwenda.

Tano, kama shida ni nguruwe na mnataka silaha ya kulindia mashamba, hilo ni ombi jipya kwa jina la mtu aliye hai. Linaanzia kijijini na kupanda kata, wilaya hadi mkoa, kila ngazi ikitoa maoni juu ya mwombaji. Kinachokwamisha maombi mengi ni sababu isiyoelezeka na mahali pasipofaa pa kuhifadhia, kwa hiyo andaeni ekari, mazao, barua za malalamiko ya wanyama waharibifu zilizokwisha pokelewa, na kabati la chuma lenye kufuli. Msiombe mlirudishiwe lile lile. Hata likipimwa na kukutwa zima, mtutu wa umri huo sitamshauri mtu auweke karibu na shavu lake.

Kabla polisi hawajaja, mwenye macho mazuri aliangalie kwa mchana, bila kulishika, na kulipiga picha pande zote mbili. Tazameni bamba la chuma lenye nyundo na sehemu ya mtutu iliyo karibu nalo. Yai dogo lenye herufi ELG na nyota ndani yake ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, na tangu 1893 yai hilo liliwekewa taji juu. Kwa hiyo yai lisilo na taji maana yake mtutu ulikaguliwa kabla ya mwaka huo, katika zama za misafara. Neno TOWER chini ya taji ni la mtindo wa Kiingereza, ingawa Wabelgiji waliliiga sana kwa kuwa wateja wa huku walilipenda, hivyo lisomeni pamoja na mihuri mingine. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji huelekeza Birmingham. Likiwa halina alama yoyote, na mtutu wake ni bomba lenye unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, basi ni la mhunzi wa huku huku. Likiwa na yai lisilo na taji, mwandikieni mkuu wa kituo barua mkiomba Makumbusho ya Taifa yaarifiwe kabla halijateketezwa, na nakala mbaki nayo.